Kabla ya kuchagua umbo, mtafuteni atakayepima maji

Swali: Mji wetu umeacha uwanja wa wazi katikati, kiasi cha mita 30 kwa 40, na kamati yetu imeombwa ipendekeze kitu cha kuuchangamsha. Wenzangu wanataka sanamu kubwa inayozunguka. Mimi nataka maji ya watoto kuchezea. Tumeona vitu vya namna hii vikizinduliwa kwa shangwe, na baada ya muda mfupi vimesimama, vimeshika kutu, na bwawa limejaa majani. Tuchague kipi, na tuepuke nini?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, sanamu au maji, ni jepesi kuliko mnavyodhani. La pili, kwa nini vitu hivi hufa mapema, ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu jibu lake litawachagulia lile la kwanza.

Sanamu ya shaba iliyosimama unaweza kuisahau miaka 50 na bado ikabaki sanamu. Inayotembea ukiisahau miaka miwili, kinachobaki ni vyuma. Kila kinachozunguka husagika, na kila mdomo wa bomba huziba. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kuchora kazi kana kwamba hayo hayatatokea. Niliwahi kuitwa kuangalia chemchemi moja iliyokufa, nikaikuta pampu yake nzima kabisa. Tatizo lilikuwa kifuniko cha chumba cha pampu: kilikuwa cha zege, kikihitaji watu wanne kukiinua, na fundi aliyekabidhiwa kazi alikuwa mmoja. Chujio halikuwa limefunguliwa tangu siku ya uzinduzi. Tangu hapo, nikiletewa mchoro wowote wa kazi ya mwendo, jicho langu hutafuta kwanza mlango wa fundi.

Basi msianze na umbo. Anzeni kwa kuuliza ni nini kitakachoisukuma.

Wenzako wakisema sanamu inayozunguka, mimi nawaza upepo kabla ya mota. Alexander Calder, Mmarekani ambaye kazi zake za mwendo zilipewa jina la "mobile" na msanii mwenzake Marcel Duchamp mwaka 1931, naye alianza na mota na vishikio vya kuzungushwa kwa mkono. Baadaye aliachana navyo kwa sehemu kubwa, akaning'iniza vipande vya bati kwenye nyaya na kuiachia hewa kazi. Naielewa sababu. Mota hurudia. Ukiitazama dakika mbili umeshaijua yote, na kesho ukipita hutageuza shingo. Upepo haurudii, kwa hiyo mtu anayepita uwanjani kila siku anakuta jambo jipya kila siku.

Mtu wa kujifunza kwake zaidi katika upepo ni George Rickey, aliyezaliwa 1907 na kufariki 2002. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia katika jeshi la anga la Marekani akishughulika na mitambo, na ukitazama kazi zake utaona huyu si msanii aliyeachia wengine hesabu. Kazi yake ya mwaka 1964 iitwayo Two Lines Temporal I ni kama visu viwili virefu vya chuma kisichoshika kutu, vyenye kimo cha zaidi ya mita 10. Kila kisu kimeegemea mhimili, na sehemu iliyo chini ya mhimili imetiwa uzito wa kusawazisha ule wa juu. Kwa kuwa pande mbili zinakaribia kulingana, pumzi ndogo ya upepo inatosha kukiinamisha kisu, nacho huinama taratibu na kurudi taratibu, bila kumgonga mwenzake. Hakuna umeme, hakuna gia. Siri yote ni mizani na beringi.

Lakini upepo una hesabu yake, nanyi mumdai mbunifu awaonyeshe. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kijiupepo cha mita 2 kwa sekunde na dhoruba ya mita 30 kwa sekunde vinatofautiana mara 15 kwa kasi, ila kwa msukumo vinatofautiana mara 225. Sanamu inayocheza vizuri asubuhi tulivu ndiyo hiyo hiyo itakayobeba mzigo mara 225 usiku wa dhoruba. Wabunifu wazuri hulitatua hili kwa mapanga yanayojigeuza na kuukabili upepo kwa ukingo badala ya uso, au kwa breke inayokaza mwendo ukizidi. Asiyekuwa na jibu la dhoruba msimpe kazi, hata kama mfano wake mdogo mezani unapendeza namna gani.

Beringi ziwe za kufungwa, maji yasiingie, na ziwekwe mahali ambapo zinaweza kutolewa bila kuangusha sanamu nzima. Angalieni pia ndoa za metali. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa kidogo kidogo, na huliwa kule ndani kwenye kiungo ambako macho hayafiki. Washa ya plastiki, yaani kipete bapa cha kutenganisha, kati yao, kitu kidogo kabisa, huokoa miaka. Na kila kinachozunguka kiwe juu kuliko mkono wa mtoto aliyebebwa mabegani na mtu mzima. Wengi hupima kimo cha mtu mzima peke yake. Uwanjani watu hawasimami hivyo.

Sisemi mota ni mbaya. Jean Tinguely, Mswisi, alijenga mtambo katika bustani ya jumba la makumbusho la MoMA, New York, tarehe 17 Machi 1960, uliokusudiwa kujivunja wenyewe mbele ya watazamaji. Ulikwenda kama dakika 27 kabla ya kunyamaza. Mtu huyo huyo, mwaka 1977, aliupa mji wa Basel, Uswisi, mitambo 10 iliyokusudiwa kuishi. Imesimama katika bwawa lisilo na kina, mahali palipokuwa na jukwaa la ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza, na baadhi ya vyuma vyake vilitoka kwenye vifaa vya jukwaa lile. Kila mtambo una tabia yake. Mmoja huchota maji kwa koleo na kuyarusha kama mtu anayeokoa mtumbwi unaovuja, mwingine hutikisa kichwa huku ukitema. Mota zake hutumia umeme wa volti ndogo. Ukikaa kwenye ukingo wa bwawa lile unaelewa kwamba chuma kikuukuu kinaweza kuwa na ucheshi, na kwamba ucheshi huo unatoka kwenye kusitasita kwake. Mitambo ile haiendi kama saa. Inajikokota, inagota, inaendelea.

Mwaka 1983 Tinguely, pamoja na msanii Niki de Saint Phalle, walitengeneza chemchemi nyingine huko Paris, kando ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, kwa heshima ya mwanamuziki Igor Stravinsky. Ina sanamu 16, nyeusi zake yeye na za rangi kali zake Niki. Miaka 40 haikwisha bila ukarabati mkubwa, na ilifunguliwa tena 2023. Nayasema haya ili kamati ijue kwamba hata kazi ya mabingwa, katika mji wenye mafundi wengi, hufika siku ya kufunguliwa yote. Mkiamua mota, kila kipande kiwe na mota yake ndogo, ili mmoja akiugua wengine waendelee, na mota iwe ya aina inayouzwa popote. Mota iliyotengenezwa maalumu kwa sanamu moja ni yatima tangu siku ya kuzaliwa.

Kuna njia nyingine ambayo kamati nyingi huisahau, nami naipenda kuliko zote mbili: uzito wa maji yenyewe. Ndoo iliyoning'inizwa kidogo nje ya kitovu chake hujaa, hupoteza mizani, humwaga, na kurudi tupu kuanza upya. Pampu inainua maji tu, mengine yote yanafanywa na uzito. Huko Wellington, New Zealand, ipo chemchemi ya ndoo za rangi tangu 1969. Ndoo humwagiana, na mara kwa mara maji hukosa shabaha na kumwagikia mpita njia. Watoto husimama wakibashiri ndoo ipi itafuata, na hawabashiri sawasawa, kwa sababu kila ndoo hupokea maji kutoka kwa nyingine zisizo na ratiba. Huo ndio mchezo.

Wazo hili ni la kale. Ndugu watatu wa Baghdad waliojulikana kama Banu Musa, katika karne ya 9, walieleza chemchemi ambazo mrusho wake wa maji hubadilika umbo. Mhandisi Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, aliwakosoa kwa jambo ambalo ningependa kila mbunifu wa leo alisikie: chemchemi zao zilibadilika haraka mno, mtazamaji hakupata muda wa kuufurahia mgeuko. Yeye akatumia vyombo vya kujaa na kuinama ili umbo moja likae kwa muda kabla ya kuliachia jingine nafasi. Miaka 800 baadaye bado naona chemchemi zilizofungwa kompyuta zikirukaruka kila sekunde, na watu wakipita bila kusimama. Mpeni mtoto muda wa kuamini kwamba maji yametulia. Hapo ndipo atakaposogea.

Sasa nije kwenye matakwa yako wewe, maji ya kuchezea.

Zamani maji ya mchezo yalikuwa mzaha wa mwenye nyumba kwa wageni wake. Kule kwenye kasri la Hellbrunn, karibu na Salzburg, Austria, askofu mkuu Markus Sittikus mwanzoni mwa karne ya 17 alikuwa na meza ya mawe bustanini ambayo viti vyake vilirusha maji chini ya wageni, isipokuwa kiti chake mwenyewe. Kati ya 1748 na 1752 pakaongezwa hapo jumba dogo la maigizo lenye vinyago zaidi ya 100 vinavyoendeshwa kwa maji tu, na kinanda cha maji kikapigwa kufunika kelele za mitambo. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ila mcheshi ni mmoja, naye ndiye mwenye funguo. Uwanja wa umma unahitaji kinyume chake, maji ambayo mtoto mwenyewe ndiye anayeamua kuyaingia au kuyakwepa.

Mfano ninaourudia ni chemchemi iitwayo Crown Fountain ya msanii Jaume Plensa, iliyofunguliwa Chicago mwaka 2004. Ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja wenye kimo cha mita 15, inayotazamana. Nyuma ya kioo kuna taa zinazoonyesha nyuso za wakazi wa mji, kama 1,000 kwa jumla, uso mmoja baada ya mwingine. Uso hutulia, hupepesa macho, kisha midomo inabana na maji yanaruka kutoka mdomoni. Watoto hungojea wakati ule wakiwa wamejipanga chini yake. Kati ya minara ni sakafu ya jiwe jeusi yenye maji ya kina cha milimita chache. Huko Bordeaux, Ufaransa, nako, mwaka 2006, ulifunguliwa uwanja wa graniti wa mita za mraba 3,450 unaofunikwa na maji ya sentimita 2 tu. Uliwekwa uakisi majengo ya kale yaliyo mbele yake, na watu wakaugeuza ufuko wa bahari. Sehemu zote mbili hakuna mahali pa kuzama. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya maji ya watoto: yasiwe na kina. Maji yaruke kutoka sakafuni na kurudi sakafuni, yakaingia kwenye mianya na kwenda kwenye tangi la chini. Yakizimwa, mnabaki na uwanja mkavu wa kufanyia mambo mengine, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia kama wengine.

Sakafu isiteleze. Hili linaonekana dogo hadi limuumize mtu. Chemchemi ya kumbukumbu ya Princess Diana katika Hyde Park, London, iliyojengwa kwa vipande 545 vya graniti, ilifunguliwa tarehe 6 Julai 2004, na mwezi haukwisha ikafungwa baada ya watu kuteleza na kuumia. Ilibidi mawe yakwaruzwe upya na ardhi ya pembeni itengenezwe. Mbunifu aliwaza mtu wa kukaa na kutazama, watu wakaja na miguu mitupu. Msiwaulize wabunifu watu watafanya nini. Wekeni sakafu ya mfano, imwagieni maji na sabuni kidogo, waleteni watoto walio na wasimamizi wao, mtazame.

Urefu wa mirusho nao uwe wa wastani. Maji yakitaka kupanda mita 2 lazima yatoke sakafuni kwa kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na mtoto huinama kuchungulia tundu kabla maji hayajatoka. Mirusho myembamba na yenye nguvu ni hatari kwa macho. Bora iwe minene na ya chini, ianze kwa kububujika kidogo, halafu ipande. Na kuzunguka kila mrusho acheni nafasi ya sakafu ya maji angalau sawa na kimo chake, kila upande. La sivyo upepo utawachukulia maji hadi barabarani, tangi litakauka na pampu itaungua.

Tangi lenyewe lina mtego. Mirusho inapokwenda, sehemu ya maji iko hewani na sehemu iko sakafuni. Sentimita 1 ya maji juu ya mita za mraba 200 ni lita 2,000. Pampu ikizimwa, lita hizo zote hurudi tangini kwa pamoja. Kama hazikuwekewa nafasi, zitafurika na kwenda zake, kesho mtajaza tena, na kila siku hivyo hivyo. Nimekuta chemchemi iliyodhaniwa inavuja kumbe haivuji, inafurika tu kila jioni.

Nafika kwenye jambo ambalo ndilo litaamua shauri lenu. Maji yanayorudi na kurudi, yakipita kwenye miguu, nepi na midomo ya watoto, ni maji ya bwawa la kuogelea hata kama hayafiki kifundo cha mguu. Ni mabaya zaidi, kwa sababu ni machache na uchafu wake haupati pa kuyeyukia. Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium kinachosababisha kuhara, ambacho kwenye klorini ya kiwango cha kawaida huweza kuishi zaidi ya wiki. Mwaka 2005 watu maelfu waliugua baada ya kucheza kwenye mirusho ya maji katika bustani moja ya umma katika jimbo la New York. Klorini peke yake haitoshi. Lazima maji yapite pia kwenye taa ya miale ya urujuanimno na kwenye chujio zuri. Yuko na mwenzake, Legionella, bakteria anayeleta homa ya mapafu, anayependa maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45 na kusafiri kwenye matone madogo mtu anayoyavuta puani. Ndiyo maana ukungu wa maji, unaopendeza sana machoni, unadai uangalizi kuliko mrusho mnene, na maji yaliyolala wiki nzima hayaruhusiwi kurushwa tu asubuhi moja kwa sababu mgeni anakuja.

Maana yake ni hii: kila siku chemchemi inapofunguliwa, mtu lazima awe amepima klorini na uchachu wa maji, akaandika kwenye daftari, na awe na mamlaka ya kuizima bila kuomba ruhusa. Hii ni kazi ya mtu mwenye jina, mwenye mshahara na mwenye msaidizi siku akiugua.

Kwa hiyo, kama kamati yenu inaweza kunitajia jina hilo leo, nakuunga mkono wewe: wekeni mirusho ya sakafuni, isizidi 20 au 30, kwenye theluthi moja ya uwanja, upande ambao jua la alasiri halina kizuizi. Kama jina halipo, nawaunga mkono wenzako: wekeni sanamu moja ya upepo, yenye mizani nzuri na beringi zinazofikika, ambayo fundi ataikagua mara mbili kwa mwaka na kila baada ya dhoruba. Msichukue njia ya kati ya kujenga maji leo na kutafuta mtunzaji baadaye. Hiyo ndiyo njia iliyozaa yale mabwawa ya majani mliyoyaona. Na kama mnataka maji lakini hamna mpimaji wa kila siku, ipo ile ya ndoo, au mpira wa graniti unaozunguka juu ya utando wa maji. Mpira wa kipenyo cha mita 1 una uzito wa karibu tani moja na nusu, lakini ukikaa kwenye kikombe kilichochongwa sawasawa, maji yenye msukumo mdogo kuliko wa bomba la kawaida la nyumbani huuinua chini ya milimita moja, na mtoto wa miaka minne anauzungusha kwa kiganja. Hivi navyo vinahitaji dawa na chujio, lakini havikusudiwi kurusha maji midomoni mwa watu, na bwawa la ndoo linaweza kuzungushiwa ukingo.

Kabla hamjamwita msanii yeyote, fanyeni kazi ya mwezi mmoja isiyo na gharama. Simikeni fito tano uwanjani, mfunge utepe kwenye ncha ya kila moja, na mtu aandike asubuhi, mchana na jioni tepe zinaelekea wapi na zinapepea kiasi gani. Mwageni ndoo za maji sehemu mbalimbali mwone yanakimbilia wapi. Andikeni pia watoto hupita upande gani wakitoka shule, kwa sababu watakuja kucheza penye njia yao, si pale ramani inapotaka. Daftari hilo mpeni msanii siku ya kwanza. Na mchoro wake ukirudi, tafuteni mlango wa chumba cha pampu, mwulize fundi wenu kama anaweza kuufungua peke yake, akiwa na mfuko wa vifaa mkono mmoja.